Niliziona Dawa za Mjomba, Nikazinyamazia Kamba za Baba

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia utetezi. Nilivunja uchumba wa mdogo wangu wa kiume, na wala sikuhitaji mganga. Nilihitaji safari moja ya kivuko, sahani mbili za samaki sato na nusu ya habari.

Jina langu silitaji, lakini nikueleze nikoje. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, nakaa Buhongwa, Mwanza, nashona nguo sebuleni, na kutoka nje sipendi. Nikionekana dukani, majirani wanauliza nani amefariki. Marehemu mama alikuwa hivyo hivyo. Kwake soko lilikuwa mbali siku zote, hata siku ambayo muuza nyanya alikuwa ameketi kwenye baraza letu.

Elimu yangu ni kidato cha nne. Biolojia nilipita, tena nilibebwa na mada moja tu, ile ya urithi, yenye njegere ndefu na njegere fupi. Zikumbuke hizo njegere. Ndizo zilizonipa kiburi.

Wazazi wetu wote wametangulia. Katika nyumba yao tumebaki wawili, mimi na mdogo wangu Masanja, fundi wa majokofu. Mkubwa wetu ni Shangazi, dada wa baba, ambaye akikohoa ukoo mzima unakaa vizuri kwenye viti.

Masanja akampata Kabula. Mwalimu wa chekechea, kwao ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga. Binti mzuri, ana adabu, anacheka kwa sauti. Siku ya kwanza alipokuja kwetu alisalimia, akala, halafu akaingia jikoni kuosha vyombo bila kuombwa. Akazipanga sufuria zangu. Kubwa chini, ndogo juu.

Zilipendeza. Nilizitazama zile sufuria nikajiona kama mpangaji ambaye mwenye nyumba mpya amekuja kukagua.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, kabla hata sijapanda kivuko. Sikutaka mtu mwingine jikoni kwangu. Ningesema hivyo waziwazi wangenicheka yakaisha. Sikusema.

Sasa, kwetu kuna utaratibu. Kabla ng'ombe hawajatajwa, mtu wa upande wa mwanaume hutumwa kwao binti kuuliza habari za ukoo. Wana kifafa? Wana mikono mirefu? Wanapiga wake zao? Kuna wazimu? Mtu huyo haendi kwa tarumbeta. Anajifanya mpita njia, anaomba maji ya kunywa, anapiga soga na majirani. Kila mtu anajua ametumwa, na kila mtu anajifanya hajui.

Shangazi akaniteua mimi.

"Shangazi, mimi? Mimi sitoki."

"Ndiyo maana nakutuma. Mtu asiyetoka hana umbea."

Ukiitazama vizuri hoja hiyo ina tundu la kupitisha ng'ombe, lakini siku ile niliiona ni sifa.

Nikavaa kitenge cha kawaida, nikaandaa na uongo wa kawaida: natafuta michembe ya kununua, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikavuka, nikashuka upande wa Kamanga, nikamsogelea mama mmoja anayeuza dagaa. Sijafungua mdomo, akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyetumwa kwa kina Kabula? Pita hapo, nyumba ya bati la bluu. Fanya haraka, samaki wanapoa."

Hivyo ndivyo upelelezi wangu ulivyoanza.

Mama yake Kabula alinipokea, akanikalisha, akarudi jikoni. Nikabaki na kaka yake, mzee wa miaka kama sitini, shati limepigwa pasi, miwani imefungwa uzi mguu mmoja. Wote wanamwita Mjomba Lubango.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unatafuta michembe."

"Ndiyo, mjomba."

"Michembe ipo. Na wazimu upo. Tuanze na upi?"

Nilikohoa mpaka nikapewa maji.

Mzee akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Akalifungua mbele yangu. Lilikuwa na vidonge, pakiti kwa pakiti, zimefungwa mpira. Akanieleza yote bila kupunguza sauti. Ujanani alikuwa akipandwa na nguvu, halali, hachoki, ana mipango ya kubadilisha kijiji. Kuna mwaka alimwezekea jirani nyumba kwa bati zake mwenyewe, alizozing'oa kwenye paa lake wakati mkewe bado yuko ndani anasonga ugali.

"Aliona mwanga tu unaingia," akasema. "Akadhani ni baraka."

Nikacheka, naye akacheka. Halafu akaacha kucheka akanieleza upande wa pili, miezi ya kulala anatazama ukuta, asitake kuoga wala kuitwa jina. Walimpeleka kwa waganga, wakamchanja, wakamfukiza. Mwisho akapelekwa hospitali.

"Huu ni mwaka wa nane nameza. Mwaka wa nane nalala kama watu. Kabula hana, mama yake hana. Lakini ugonjwa huu unapita kwenye koo, na sisi hatufichi. Mwambie kijana wenu, aamue akiwa anajua."

Nilikula sato, nikaongezewa. Wakanifungia na michembe, wakakataa kunitoza. Wakati naaga, Mjomba Lubango akanisindikiza hadi kwenye ua.

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilichokiona, mjomba."

"Hicho kinatosha."

Kwenye kivuko nikatoa kalamu. Nyuma ya karatasi iliyofungia michembe nikachora ile miraba minne ya biolojia, nikapanga wazimu kama tulivyopanga urefu wa njegere. Nikajumlisha kwa herufi kubwa na herufi ndogo. Kufika ng'ambo nilikuwa nimeshapata kwamba katika kila watoto wanne wa Masanja, mmoja atang'oa bati. Nilijiona daktari.

Jumapili tukakaa kikao. Shangazi, wazee wawili wa ukoo, Masanja, na mimi na karatasi yangu.

"Mjomba wake mzazi ana wazimu," nikasema. "Dawa nimeziona kwa macho yangu. Kopo zima."

Huo haukuwa uongo, na ndiyo ubaya wake. Sikusema ni mwaka wa nane mzima amesimama imara. Sikusema ni yeye mwenyewe aliyelifungua kopo. Nikafungua karatasi yangu ya michembe, nikawaeleza njegere. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Hakuna kitu kinachowatisha wazee wetu kama mtu aliyesoma akiwa na mchoro.

Masanja akaniangalia. "Dada, lakini huyo mzee mwenyewe umemwonaje?"

Mlango ndio ulikuwa huo, umefunguliwa wazi. Ningeweza kusema: nimemwona ana akili kuliko sisi wote humu ndani. Nikajibu, "Nimemwona anatumia dawa."

"Damu ile hapana," akasema Shangazi. Ikawa imekwisha.

Masanja hakubisha. Ananiamini, nimemlea tangu mama alipofariki. Alitoka nje akakaa kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, akawa anavunja kijiti vipande vidogo vidogo.

Sisi tukaletewa chai. Na kwa kuwa kikao kilikuwa kizito, mzee mmoja akaona atuchangamshe kwa kisa cha baba na kamba. Kisa hiki kwetu hupakuliwa kwenye kila sherehe, kama pilau.

Kwa kifupi, baba yetu aliwahi kuamua kupima ziwa. Zama hizo hata daraja la Busisi halijaota, yeye akasema anajenga daraja la kwenda Ukerewe. Alinunua kamba zote za duka moja mjini, akaziunga, akafunga ncha moja kwenye mwamba, akapanda mtumbwi amevaa suti yake ya harusi, anaimba. Kamba iliisha mwamba wenyewe ukiwa bado unaonekana vizuri. Siku tisa alikuwa hajalala. Aliporudi akapata "malaria" iliyomlaza mpaka mtama ukavunwa.

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Shangazi alifuta machozi kwa kanga. "Kaka yangu alikuwa na moyo mkubwa," akasema.

Unaona tulivyogawana? Wao walikuwa na wazimu. Sisi tulikuwa na moyo mkubwa.

Wiki hiyo hiyo ujumbe ukapelekwa kwa kina Kabula kwamba kuna kizuizi cha kiukoo. Kabula akanipigia simu. Nilidhani atalia au atatukana, nikajiandaa kwa yote mawili.

"Wifi," akasema, "ulikula kwetu ukaongezewa."

Akakata. Nimewahi kuchomwa na pasi ya mkaa, najua kuungua. Ile ilizidi.

Ilipita kama miezi miwili, Masanja akaanza kuchangamka. Nikafurahi. Nikasema kijana amesahau. Alikuwa anaongea bila kupumzika, anaamka kabla ya jogoo, anaimba bafuni. Akaacha kazi kwenye karakana ya watu, akasema atajenga chumba kimoja cha baridi cha mtaa mzima, dagaa wote wa Mwanza wasioze tena. Akawa anakusanya majokofu ya watu, anayang'oa milango. Uani kwetu yalifika kumi na moja. Kuku wangu wawili walihamia kwenye moja wakataga humo.

"Damu ya kaka yangu hiyo," akasema Shangazi alipokuja, akitembea katikati ya majokofu kama anakagua gwaride. "Mwacheni."

Tukamwacha. Alikonda. Macho yakawa yanawaka. Akaanza kugombana na wenye majokofu yao, ambao kwa kweli hoja walikuwa nayo. Siku moja nikamkuta juu ya lile jiwe nyuma ya nyumba, amevua shati, anawafundisha mbuzi wa jirani jinsi hewa ya baridi inavyozunguka. Mbuzi walisikiliza, lazima niseme. Lakini nilipomwita ashuke ale, alinitazama kama hanijui.

Halafu ikakatika, kama umeme unavyokatika. Akaingia chumbani, akageukia ukuta. Hakula. Hakuoga. Wenye majokofu wakaja mmoja mmoja kuchukua milango yao, na mimi nikawa nasimama mlangoni nasema ana malaria.

Nilijisikia nikisema hilo neno, malaria. Nikaona nimewahi kulisikia mahali, kwa sauti ya mama.

Siku ya nne ya ukuta, Masanja aliniambia bila kugeuka, "Dada, nadhani mngepumzika kama nisingekuwepo."

Sikungoja Shangazi akohoe. Nilimpigia kijana wa bajaji, nikamvalisha mdogo wangu viatu kama mtoto, tukampitia Shangazi njiani, tukaenda hospitali. Mimi nisiyetoka. Kanga niliivaa ndani nje na sikujali.

Daktari alikuwa mdogo kuliko mimi, mpole, haharakishi. Aliongea na Masanja peke yake kwanza, muda mrefu. Kisha akatuita tuingie.

"Kwenye ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili?"

"Hakuna," tukajibu mimi na Shangazi kwa pamoja, kama kwaya.

Hakuandika. Akaweka kalamu chini. "Sawa. Kuna mtu aliyewahi kukaa siku nyingi bila kulala wala kuchoka, ana mipango mikubwa kuliko uwezo wake, halafu baadaye akajifungia asitake kuona watu?"

Shangazi akaanza kucheka. "Aa, huyo si mgonjwa, huyo ni kaka yangu, baba yao hawa. Ngoja nikuchekeshe, mwanangu." Akaanza kisa cha kamba. Alikisimulia vizuri, na mikono, na wimbo wa mtumbwini. Akafika kwenye suti ya harusi. Akafika kwenye siku tisa bila kulala. Hapo sauti ikaanza kupungua.

Alimtazama Masanja pale kwenye benchi. Akanitazama mimi.

"Halafu akalala," akasema taratibu. "Akalala mpaka mtama ukavunwa."

Hakuna aliyecheka. Daktari akachukua kalamu akaandika.

Ugonjwa aliutaja kwa jina, baipola. Mtu anapanda juu kupita kiasi, kisha anashuka chini kupita kiasi, na katikati anaweza kuwa mzima kama mimi na wewe. Masanja akalazwa. Shangazi alitoka nje akakaa kwenye ukingo wa ua wa hospitali, mkoba mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mdogo.

Mimi nikarudi ndani na njegere zangu. Nikamweleza daktari miraba yangu minne.

"Dada, ungekuwa urefu wa njegere ningekuunga mkono," akasema. "Huu sivyo. Hakuna kinasaba kimoja cha baipola. Ni vingi, vidogo vidogo, kila kimoja kinasukuma kidogo. Ukiwa na mzazi au ndugu anayeugua, uwezekano wako unaongezeka kuliko wa mtu mwingine, ndiyo. Lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaugui kabisa. Unarithi uwezekano. Huwezi kurithi hukumu."

"Na malezi, na maisha?"

"Navyo vimo. Usingizi, mshtuko, msongo, pombe kwa wanaokunywa. Vinaweza kuamsha kilichokuwa kimelala."

Kisha nikamweleza habari ya Kabula, yote, na kopo, na kikao. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyemfanya mdogo wangu augue?"

"Hakuna anayeweza kukwambia hivyo. Huenda huzuni ile ilisukuma, huenda ingekuja hata angeoa. Wewe hukukiweka ndani yake. Kilitoka mbali."

"Kwenye kamba."

"Kabla hata ya kamba."

Kwa kuwa nimezoea kujitania nikiogopa, nikamuuliza kama na uvivu wangu wa kutoka nimeurithi kwa mama. Akacheka. Akasema tabia nazo zina sehemu ya kurithi, kuna watu huzaliwa wachangamfu, wengine wana wasiwasi, wengine wanapenda utulivu, ila malezi na maisha yanazichonga, na bado hajasikia kinasaba cha kukaa sebuleni.

"Na cha kusema nusu ya habari?"

"Hicho ni chako mwenyewe," akasema.

Masanja alianza dawa. Usidhani alimeza leo akapona kesho. Ya kwanza ilimtetemesha mikono, fundi asiyeweza kushika bisibisi, wakambadilishia. Alinenepa, akanilaumu mimi na chapati zangu. Taratibu akarudi. Kwanza akarudi kula, kisha kuoga, kisha kunitania. Siku aliponiambia gauni nililomshonea mama mchungaji linafanana na pazia la ukumbi, nilikwenda jikoni nikalia kwa raha.

Ilinibidi nivuke tena. Safari hii sikutafuta michembe. Yule mama wa dagaa aliniona nikishuka, akainamia dagaa wake akaendelea kuchambua. Sikuambiwa kwamba samaki wanapoa.

Mjomba Lubango alikuwa uani. Nikapiga magoti kama tunavyopigia wazee wetu, nikamsalimia, nikamweleza yote, kamba, majokofu na mbuzi. Mama yake Kabula alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Kabula alikuwa chumbani, nilisikia redio ikizimwa. Hakutoka.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikula samaki wangu," akasema, "ukaondoka na kopo langu. Habari za samaki ukaziacha hapa."

"Nisamehe, mjomba."

"Mimi nimekusamehe, nimeshaitwa kichaa na watu wakubwa kuliko wewe. Lakini yule binti alikuwa amejivunia siku ile. Alisema, mjomba, wifi yangu amekusikiliza vizuri, hata hakuogopa." Akatazama kwenye dirisha la chumba. "Kijana anakunywa dawa?"

"Anakunywa."

"Mwambie asiache siku atakayojiona mzima. Hiyo ndiyo siku ya hatari. Mimi niliacha mara mbili."

Sikumwomba chochote kuhusu uchumba. Hata mimi nina mpaka.

Lililofuata sikulipanga. Masanja, alipokaa sawa miezi kadhaa, alipanda kivuko mwenyewe. Hakuniaga. Alikwenda kumwambia Kabula kwa mdomo wake anachoumwa, anachomeza, na baba alifanya nini na kamba. Walizungumza nini tena sijui, na nimejifunza kutouliza. Ila simu yake ikaanza kuita jioni, na yeye akaanza kutoka nje kuipokea.

Halafu, wiki chache baadaye, mtu akabisha hodi. Nikafungua. Mjomba Lubango, shati limepigwa pasi, mkoba wa plastiki mkononi.

"Shikamoo mjomba. Karibu."

"Marahaba. Napita tu. Naomba maji ya kunywa."

Nikamtazama. Naye akanitazama kupitia ile miwani ya uzi, usoni hana hata tabasamu. Nikajua. Ametumwa. Safari hii ukoo unaochunguzwa ni wetu.

Nikamletea maji. Nikamkaribisha kiti, nikazima cherehani.

"Mjomba, wazimu upo," nikasema. "Na chai ipo. Tuanze na upi?"

Hapo ndipo alipocheka.

Nilimweleza kila kitu nikiwa nimekaa mbele yake. Nilimwonyesha dawa za Masanja, zinakaa kwenye rafu, karibu na sukari, mahali pa wazi. Nilimweleza baba. Nilimweleza nilivyosema malaria mlangoni. Alikuwa anauliza kidogo kidogo, kama mtu anayejua njia.

"Nani anamkumbusha kumeza?"

"Mimi."

"Ukisafiri?"

"Mjomba, mimi nisafiri kwenda wapi?"

Akaitikia kwa kichwa. "Na akianza kukosa usingizi, nani ataona kwanza?"

"Mimi. Niko hapa asubuhi mpaka jioni. Akiimba bafuni zaidi ya nyimbo mbili nampigia daktari."

Kwa mara ya kwanza maishani, uvivu wangu wa kutoka ulihesabiwa kuwa kazi. Alikula ugali na sato, nikamwongezea bila kuombwa. Nilipomsindikiza getini nilishindwa kujizuia.

"Utawaambia nini, mjomba?"

"Nitawaambia nilichokiona."

Nilishika nguzo ya geti.

"Chote," akasema, akaondoka.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi, kupitia kwa Shangazi, ambaye siku hizi akikohoa anauliza kwanza kama tuna nafasi. Kabula amekubali. Masanja atamwoa, ng'ombe wazungumzwe. Ila ana sharti moja. Kwetu, siku ya harusi, mawifi ndio wanaokwenda kumchukua bibi harusi kwao, kwa nyimbo na vigelegele, wanavuka naye. Kabula amesema mawifi wote waje, binamu, majirani, hata yule wa Shinyanga asiyejua kucheza.

"Dada wa Masanja," amesema, "abaki nyumbani."

Hivyo ndivyo anavyoniita sasa. Dada wa Masanja. Neno wifi aliliacha kwenye ile simu.

Basi nicheke nini? Maisha yangu yote nimetafuta sababu ya kubaki nyumbani. Misiba nimeumwa kichwa, harusi nimeumwa mguu. Sasa nimeambiwa baki, rasmi, na ukoo mzima umeafiki, na sijawahi kutaka kupanda kivuko kama ninavyotaka siku hiyo.

Sare za mawifi nazishona mimi. Kumi na nne, kitenge cha kijani chenye maua. Ya kumi na tano nimeishona pia. Nitaivaa hapa hapa sebuleni, nisikilize honi za msafara wa harusi zinavyotoka mjini.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, na hasa wewe ambaye siku moja utatumwa kuchungulia ukoo wa watu: nenda, utaratibu si mbaya, mtu aamue akiwa anajua. Lakini kabla hujavuka, kaa chini uvitazame visa vya kwenu vinavyowachekesha kwenye sherehe. Mwulize shangazi yako nani alilala mpaka mavuno, na kwa nini. Ukikuta mtu anakufungulia kopo lake mwenyewe, jua umepata watu wa kweli. Usikimbie na kopo. Na kama kwenu kuna kijana asiyelala na anawaka macho, usisifu damu ya babu. Mpeleke hospitali mapema, usingoje majokofu yafike kumi na moja.

Na kama unachokiogopa ni mtu mwingine jikoni kwako, sema hivyo. Watakucheka, yataisha.

Harusi ni mwezi ujao. Jikoni nimeshasafisha. Sufuria nimezipanga, kubwa chini, ndogo juu.